Marudio

Mama hakuniuliza habari za shahada.
Aliuliza: "Lile vumbi, limekubali kushikana?"
Akaunyoosha mkono wake, ule wenye vidole vitatu vinavyokunjika
na viwili vilivyogoma tangu mwaka wa baridi kali.

Miaka thelathini na mmoja alikaa juu ya lundo la Wila Qullu
akigonga mawe yaliyokwisha kugongwa,
akiwinda punje ya bati iliyowaponyoka wanaume.
Upepo wa Agosti ulimpaka usoni unga uleule
ambao baba aliumeza chini, zamu baada ya zamu,
hadi mapafu yake yakawa mfuko wa saruji ulionyeshewa.

Marudio, ndilo jina lake:
kilichosagwa, kikaoshwa, kikatupwa,
kikakaa kungoja.

Wanasema mavi ya kale hayanuki.
Hawajafika kwetu Januari, mvua ikishuka:
kijito hugeuka rangi ya kutu,
kondoo wa Hilaria hunywa, hulala, hawaamki,
na kampuni iliyokula nyama ya mlima
haina hata anwani ya kupelekewa mifupa.

Nilianza na ndoo mbili, kwenye basi la Oruro,
kondakta akinilipisha nauli ya mtu mzima kwa kila ndoo.
Nikachekecha, nikachoma tanurini, nikasaga
mpaka unga ukaingia katika mistari ya kiganja, usitoke.
Katika kila mafungu manne ya saruji niliondoa moja,
pengo lake nikaliziba kwa lundo letu.
Mchemraba wa kwanza ulivunjika kama biskuti.
Wa pili vilevile. Wa tatu sikuuandika daftarini.
Zenobio, mfagizi wa maabara, akaegemea ufagio:
"Mlima huu umezoea kuibiwa, binti.
Haujajua bado kwamba wewe unaomba."
Akamwaga pombe kidogo kwenye kona ya mashine,
kisha akapiga deki palepale, kazi ni kazi.

Mimi siamini mambo hayo.
Lakini nilipandisha joto, nikapunguza maji,
nikasubiri siku ishirini na nane
vipande vikiwa vimezama beseni kama watoto waliokatazwa kutoka.
Mashine ikakandamiza. Mshale ukapanda,
ukafika alama ya saruji ya dukani,
ukasita,
ukaipita kwa unywele.
Niliketi sakafuni, kwenye pombe ya Zenobio.

Hiyo ni nguvu. Sumu ni hesabu nyingine.
Nikaviponda tena, nikaviloweka katika tindikali,
nikapima risasi, nikapima aseniki, kucha kucha,
kwa sababu ukuta ukitoa machozi
atakayeyalamba ni mtoto.
Machozi yalikuwa machache. Si sifuri.
Msimamizi alitaka niandike "salama".
Nimeandika "machache", na tarakimu zake.

Nikamletea mama tofali moja, nimelibeba mgongoni
kwa shuka alilonibebea mimi.
Alitoa nyundo yake ndogo, akaligonga, akatega sikio.
Maabara nzima haina kipimo kama sikio lile.
Akagonga tena, pembeni.
"Halidanganyi," akasema. "Ila lina jambo."

Nikamwambia: unga uliobaki unatosha bamba moja,
tumfunike baba; msalaba wake wa bati umeanza kupinda.
Akatafuna koka bila neno. Upepo ukaizunguka nyumba,
ukarudi, ukajaribu dirisha.
"Usimwekee yule kifuani," akasema.
"Amekwisha kuubeba mlima huo."

Akanionyesha mlango wa jiko, pale tope linapoingilia.
"Nitengenezee kizingiti.
Nataka kila asubuhi, kabla ya chai,
niukanyage."